Programu ya kutambua kadi kwenye Apple II, naanzia wapi?

Wakuu, nina Apple IIe (kompyuta ya zamani), naandika kaprogramu ka lugha ya BASIC kanipe jina la kadi iliyopo kila sloti (tundu la kuchomeka kadi) bila kufungua mfuniko. Nasoma wapi?

— Anza na ROM (kumbukumbu isiyofutika) ya kadi mkuu. Sloti n iko anwani 49152+256*n, piga PEEK (amri ya BASIC ya kusoma baiti) hapo. Ukikuta baiti ya 1 (hesabu kuanzia 0) ni 32, ya 3 ni 0, ya 5 ni 3 na ya 7 ni 60, hiyo mara nyingi ni Disk II, kadi ya diski. Ukikuta ya 5 ni 56, ya 7 ni 24 na ya 11 ni 1, basi soma ya 12 ndo inataja aina, 49 ni Super Serial, kadi ya bandari ya serial.

— Halafu sloti tupu inarudisha takataka tu, soma mara nyingi, namba zikibadilikabadilika ujue hamna kitu.

— Mockingboard, ile kadi ya sauti, je? Haina ROM ile.

— Ndo kimeo hicho, inabidi usome taima ya chipu ya 6522 iliyo kwenye kadi hiyo mara mbili uone kama imeshuka kwa mizunguko ileile ya prosesa unayotegemea, na BASIC haiwezi iko slow mno, andika asembli (lugha ya karibu na mashine) tu.