Leseni ya bodaboda: A au A1? Na chuo ni lazima?

kijana_wa_mbagala: Wakuu habari zenu, nataka kuanza bodaboda, kuna bosi kanipa pikipiki Boxer 150 ya mkataba, kuendesha najua tangu kijijini ila leseni sina, kuna jamaa kaniambia nichukue A1 inatosha na chuo niruke yeye atanimalizia kila kitu nimpe hela tu. Ni kweli?

fundi_mzee: Mdogo wangu usimpe hela huyo ni kishoka. A1 ni ya pikipiki zisizozidi cc 125, hiyo Boxer ni ya karibu cc 150, inataka daraja A. Anza na TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, kata leseni ya kujifunzia, ingia chuo kilichosajiliwa, ukishapata cheti nenda kwa trafiki wakupime ndo ulipie leseni, inadumu miaka 5.

dada_wa_mabibo: Chuo usiruke kaka nakuomba. Mdogo wangu alikuwa anajua kuendesha kama wewe tu, ila hakuna aliyemfundisha breki ya mbele na ya nyuma zinavyotumika pamoja, mvua ikanyesha akakamata ya nyuma peke yake kwenye lami, mguu una vyuma hadi leo.

fundi_mzee: Pole sana dada. Na kijana, kubeba abiria kuna kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) pia, hicho ni cha pikipiki yenyewe siyo cha dereva, muulize bosi kama anacho kabla hujasaini mkataba.

kijana_wa_mbagala: Asanteni sana, Jumatatu naenda chuo. Pole dada kwa mdogo wako.