Wageni, safari za wikiendi na riwaya yangu: naomba ushauri

Habari zenu, wakuu. Kiangazi hiki nyumba yetu haikosi wageni. Akiondoka mjomba wanaingia binamu na watoto wao, na wikiendi tunatoka sote kwenda kuwaona ndugu wengine. Nawapenda mno na sitaki ujio wao upungue. Ila nina riwaya nene ya vizazi vitatu vya ukoo mmoja, na kila nikiirudia baada ya siku kadhaa nakuta nimeshasahau nani ni mtoto wa nani.

Garini ndiko ningepata muda, lakini nikisoma kidogo tu kichefuchefu kinanipanda. Macho yanaona ukurasa umetulia, huku sikio la ndani linahisi gari linavyokata kona, basi ubongo unavurugika. Nikitazama mbali nje ya dirisha, hali inatulia. Je, kuna anayesikiliza riwaya zilizorekodiwa akiwa safarini na akafuata kisa vizuri? Au mnaandika majina ya wahusika pembeni?

Linaloniumiza zaidi ni shangazi, ambaye amekuja kukaa msimu mzima. Jioni nikifungua kitabu, anakatiza hadithi yake katikati na kunyamaza. Hasemi kitu, lakini naona. Nimewaza nimsomee kwa sauti, sura moja moja, maana maandishi madogo hayaoni tena. Mliowahi kuwasomea wazee wenu, mlianza na riwaya ya namna gani? Na watoto walikubali kutulia?