Je, Jangwa la Sahara liliigawa Afrika au liliiunganisha?

Mwalimu wa Historia

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha Historia katika shule ya sekondari. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza swali ambalo sikulijibu kwa namna iliyoniridhisha. Alisema kwamba ikiwa Sahara ni jangwa lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kaskazini hadi kusini, basi watu wa pande zake mbili lazima waliishi kama watu wa mabara mawili. Mimi mwenyewe nilisomeshwa hivyo: jangwa lilielezwa kuwa ukuta, na Misri ikawekwa kando kana kwamba haikuwa sehemu ya Afrika. Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, jangwa hilo lilikuwa na nafasi gani katika kuwaumba watu wa bara letu na tamaduni zao?

Mkaa Bondeni

Mwalimu, nampongeza mwanafunzi wako, ila ningeanza kwa kumweleza kwamba Sahara haikuwa jangwa siku zote. Kati ya takriban miaka 11,000 na 5,000 iliyopita, sehemu kubwa ya eneo hilo ilipata mvua ya kutosha kuotesha nyasi, ikawa na mito na maziwa, na Ziwa Chad lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko lilivyo leo. Katika milima ya Tassili n'Ajjer, kusini mwa Algeria, imebaki michoro ya miambani inayoonyesha makundi ya ng'ombe na wachungaji wao, na hata viboko, mahali ambapo leo mtu anaweza kusafiri siku nyingi asione maji.

Mvua zilipopungua, watu hao walihama. Wengine walielekea kusini kwenye mbuga, na wengine wakasogea mashariki mpaka bonde la Naili. Kusini mwa Misri, mahali panapoitwa Nabta Playa, wanaakiolojia walikuta ng'ombe waliozikwa kwa heshima na mawe makubwa yaliyosimamishwa kwa mpangilio, kazi ya wafugaji walioishi huko muda mrefu kabla piramidi ya kwanza haijajengwa. Misri ya Juu (yaani ya kusini) na Misri ya Chini (ya kaskazini) ziliunganishwa kuwa dola moja mnamo 3100 KK, wakati ukame ulikuwa umekwisha kukaza. Sidai kwamba ukame peke yake ndio ulioizaa dola hiyo, lakini siwezi kuielewa Misri bila kuwafikiria watu waliobanwa pamoja kwenye ukanda mwembamba wa ardhi yenye maji.

Kisha utazame mto wenyewe. Mafuriko yake ya kila mwaka yalitokana hasa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, ambazo ziliteremsha tope lenye rutuba hadi mashamba ya Misri. Mkondo wa Naili huelekea kaskazini, ilhali upepo wa kawaida huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo chombo kiliteremka kwa mkondo na kupanda kwa tanga. Jambo hilo liliingia hata katika maandishi yao: safari ya kwenda kusini iliandikwa kwa alama ya mashua iliyotweka tanga, na safari ya kwenda kaskazini kwa mashua isiyo na tanga. Ninaona huo ni ushahidi mzuri kuliko mwingi wa jinsi mahali panavyoingia katika fikra za watu.

Msomaji wa Nubia

Naunga mkono, ila Naili haikuishia Aswan, kusini mwa Misri. Kuanzia hapo hadi karibu na Khartoum kulikuwa na maporomoko sita, na miamba yake ilizuia merikebu za Misri kupanda kwa urahisi. Nyuma ya miamba hiyo ulikua mji wa Kerma, na baadaye ufalme wa Kush, ambao katika karne ya 8 KK mfalme wake Piye aliteremka na kuiteka Misri, ukoo wake ukatawala kama nasaba ya 25. Watu wa Kush walipohamishia makao yao Meroe, walikuwa wameingia eneo linalopata mvua kiasi, kwa hiyo walifuga ng'ombe na kulima mtama, wakachimba malambo makubwa ya kukinga maji, na misitu ya migunga ikawapa makaa ya kuyeyushia chuma. Pamoja na mungu Amun waliyemshiriki na Misri, walimwabudu Apedemak, mungu wao mwenye kichwa cha simba. Ningependa sana wanafunzi wetu wajue kwamba Sudan ina piramidi zaidi ya 200.

Mwana wa Pwani

Mwalimu, kuhusu lile neno "ukuta", jibu limo katika lugha yetu wenyewe. Ukanda ulio kusini mwa Sahara huitwa Saheli, na jina hilo limetokana na neno la Kiarabu *sahil*, yaani pwani, ambalo ndilo asili ya jina la Waswahili. Waliovuka jangwa kwa ngamia waliliona kama bahari ya mchanga yenye pwani mbili na bandari zake. Chumvi ilichimbwa Taghaza, katikati ya jangwa, ikabebwa kusini, na dhahabu ya Afrika Magharibi ikapelekwa kaskazini. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita Taghaza mwaka 1352 akakuta nyumba zilizojengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Kwetu pepo za kaskazi na kusi ziliamua lini jahazi liondoke na lini lirudi. Kule majira ya joto na umbali kati ya visima viliamua safari za misafara.

Mwalimu wa Historia

Nawashukuru nyote. Limebaki moja linalonisumbua. Je, tukieleza hivi, hatuwafanyi wahenga wetu waonekane kama watu waliofinyangwa tu na mito na pepo, wasio na uamuzi wao?

Mkaa Bondeni

Hofu yako ni ya haki, Mwalimu, na mfano ninaouegemea ni Jenne-jeno, nchini Mali. Mji huo ulianza mnamo 250 KK katika delta ya ndani ya Mto Niger, ambako mto hufurika kila mwaka katika nchi kavu, kama ilivyokuwa Misri. Wakazi wake walilima mpunga wa Kiafrika, wakavua samaki, na kwa kuwa delta haina mawe wala madini ya chuma, waliyapata kwa biashara na majirani. Wachimbuaji walioanza kazi hapo mwaka 1977 hawakukuta jumba la kifalme wala kaburi la mtawala mkuu. Walikuta vilima vingi vya makazi vilivyokaribiana, na dalili kwamba wahunzi, wavuvi na wakulima waliishi kwa makundi yaliyotegemeana, kila kundi na kazi yake. Mito miwili inayofurika ilikuwa na mengi ya kufanana, lakini watu wa bonde moja walimjengea mfalme piramidi, na watu wa bonde la pili wakajenga mji uliosimama zaidi ya miaka 1,000 pasipo dalili ya mfalme.