Riwaya ya vijana wanaosoma mawazo: nimeingizwa mkenge kurasa zaidi ya 400

Wakuu, nina hasira na siifichi. Nimekifunga kitabu saa tisa usiku, macho mekundu, nilichoambulia ni kuumwa kichwa.

Iko hivi. Binti wa miaka 16 anasoma mawazo ya watu. Sura ya 3 anamsoma mlinzi aliye ghorofa mbili chini yake mpaka anaipata namba ya siri ya lango. Sawa, nikameza. Kufika sura ya 20 tunaambiwa shoga yake wa chumba kimoja, anayelala kitanda cha pili, alikuwa akimchongea tangu siku ya kwanza. Binti hakujua lolote! Kwa nini? Mwandishi kimya. Hakuna dawa iliyomziba, hakuna chochote. Hata angesema tu kwamba binti alijiwekea mwiko wa kutochungulia kichwa cha rafiki, ningempigia makofi, maana hapo angekuwa ameponzwa na uungwana wake mwenyewe. Basi nimemrekebishia riwaya bure, asinishukuru.

Kuna na kaka mtu, anayesogeza vitu kwa akili. Leo kanyanyua lori, kesho kafungwa kamba analia. Kamba, jamani.

Ila kilichonimaliza ni sura ya maabara. Binti anapimwa kwa kadi za Zener, zile za duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, ambazo mtafiti J. B. Rhine alizitumia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, miaka ya 1930 kupima kama mtu anaweza kujua kadi asiyoiona. Anapatia 7 kati ya 25. Daktari anadondosha kalamu, wanajeshi wanaitwa mbiombio. Saba! Pakiti ina alama 5, kila moja kadi 5, kwa hiyo hata mimi nikikisia nimefumba macho wastani wangu ni 5. Wekeni watu 100 wasio na kipaji chochote, zaidi ya 20 watapata 7 au kuzidi. Wote hao wabebwe na jeshi?

Halafu ni binti yuleyule wa namba ya lango! Mawazo ya mlinzi aliyapata kupitia sakafu mbili, kadi inayotazamwa na daktari aliyekaa mbele yake inamshinda mara 18.

Msiniletee ile ya "hiki ni cha vijana, usikichambue sana." Kijana wa miaka 14 hasahau kitu. Ukimwambia sura ya 3 kwamba kuta hazizuii, sura ya 20 atakudai. Nilikuwa hivyo, na nina mpwa wangu ambaye ni mbaya zaidi yangu.

Aliyesoma kitabu cha pili aniambie kama yule shoga anaelezwa popote. Niliuziwa vyote viwili pamoja, na hicho kingine kipo hapa mezani kinanitazama.