Ushauri jamani: msokoto wa kamba kwenye kofia, nianzie wapi?

Dada wa Umoja
Hamjambo wafumaji. Mshono wa kawaida (knit) na wa kinyume (purl) naujua, na mbavu za ukingo, ile sehemu ya chini inayovutika, nazimudu. Sasa nataka kofia ya mtoto yenye msokoto ule unaofanana na kamba, iwe tayari kabla ya baridi ya Julai. Maelezo niliyopata yanasema sindano namba 8, na msokoto wenyewe umeandikwa C6B. Kwenye kipande cha majaribio kitambaa kinajikaza, na kando ya kamba, upande wa kushoto, kuna vitanzi vilivyolegea vinavyopanda kama ngazi. Shida ni uzi, sindano au mkono? Na ile sindano fupi ya kupindia nikiikosa dukani, nitumie nini?

Milimita Kwanza
Dada, anza na sindano. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Namba za Kiingereza zikipanda sindano inakuwa nyembamba, za Marekani ni kinyume chake. Zinakutana kwenye 7 tu, ambayo kote ni milimita 4.5. Kwa hiyo angalia maelezo yako yametoka wapi, na ukienda madukani Biashara Street, Nairobi, taja milimita, usitaje namba. Kwa uzi wa unene wa kati milimita 4 hadi 4.5 inatosha.

Mama Vitanzi
Mwanangu, weka kofia kando kwanza ufume kipande hiki. Anzisha vitanzi 18.

Mstari wa kwanza (uso): 2 kawaida, 4 kinyume, 6 kawaida, 4 kinyume, 2 kawaida.
Mstari wa pili (mgongo): 6 kawaida, 6 kinyume, 6 kawaida.

Rudia hadi umalize mstari wa nne. Wa tano ndio wa kupinda. Fuma 2 kawaida na 4 kinyume, umefika kwenye kamba. Hamisha vitanzi 3 kwenye sindano ya kupindia bila kuvifuma, uiache nyuma ya kazi. Fuma 3 vinavyofuata kutoka sindano ya kushoto kwa mshono wa kawaida, na hapo kwenye cha kwanza vuta uzi vizuri maana ndipo tundu huzaliwa. Kisha fuma vile 3 ulivyoviweka, bila kuigeuza ile sindano. Malizia 4 kinyume, 2 kawaida. Mstari wa sita ni sawa na wa pili, halafu unaanza upya kutoka wa kwanza.

Hiyo ndiyo C6B: vitanzi 6, sindano nyuma, kamba inalalia kulia. C6F ni sindano mbele, inalalia kushoto. Ukishika upande mmoja tu kila mara unapata kamba. Ukibadilisha nyuma, mbele, nyuma, mbele, unapata wimbi. Kupinda kila mstari wa sita ni kipimo kizuri kwa vitanzi 6. Kila mstari wa nne kamba inakuwa ngumu kama fimbo, na kofia ya mtoto haitaki hivyo.

Chagua uzi wa rangi moja iliyo nyepesi, uliosokotwa vizuri, usio na manyoya. Kwenye uzi mweusi kamba haionekani, na macho yako yatachoka bure.

Uzi Mkononi
Ngazi ya kushoto haisababishwi na uzi wala sindano. Unapotoka mshono wa kawaida kwenda kinyume, uzi unapita katikati ya sindano kuja mbele, na ile ziada yote inaingia kwenye kitanzi cha mwisho cha kamba. Kaza kitanzi cha kwanza cha kinyume baada ya kamba, na cha pili pia. Ikiwa bado kinalegea, kile cha kwanza kifume kinyume kwa kupitisha uzi chini ya sindano badala ya juu. Njia hiyo ni fupi. Kitakaa kimegeuka, kwa hiyo kwenye mstari wa mgongo kifume kwa kuingiza sindano kwenye mguu wa nyuma wa kitanzi.

Kitambaa kujikaza ni kawaida, kamba hula upana. Usikisie, pima kipande chako kwa rula. Kwenye kofia, fuma mbavu ukiwa na vitanzi 4 mahali pa kila kamba, kisha ongeza 2 kwenye mstari wa mwisho wa mbavu vifike 6. Ukianza na 6 tangu chini, ukingo utapanuka na kofia haitashika kichwa.

Kaka wa Kariobangi
Sindano ya kupindia si lazima. Vitanzi 4 unaweza kuvivusha kwa vidole.

Mama Vitanzi
Kwa anayejifunza, hapana. Uzi wa akriliki juu ya sindano ya chuma unateleza, na vitanzi 3 vikianguka pamoja ni kilio. Atumie sindano fupi yenye ncha mbili, nyembamba kidogo kuliko anayofumia, au kijiti cha mishikaki kilichopigwa msasa. Sindano za mianzi pia zinashika uzi vizuri zaidi.

Dada wa Umoja
Asanteni sana. Nikigundua nimepinda upande usio sawa mistari kumi chini, nifumue yote?

Uzi Mkononi
Usifumue. Angusha vitanzi 6 vya kamba hiyo tu hadi mstari wa kosa, vingine viache kwenye sindano. Vipange upya, vitatu juu ya vitatu, kisha pandisha kila safu kwa sindano ya kroshe, ukichukua uzi mmoja wa ile ngazi iliyobaki baada ya kuangusha kwa kila mstari, kuanzia wa chini kabisa. Ukiruka mmoja utauona nyuma ya kazi. Na ili usifike huko, tundika pini kwenye kila mstari wa kupinda uhesabu kutoka hapo.

Dada wa Umoja
Nikimaliza nipige pasi?

Mama Vitanzi
Hapana, hasa akriliki. Joto linailainisha kabisa, kamba inalala na hairudi tena. Loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 15, kamua ndani ya taulo bila kusokota, vika juu ya bakuli linalolingana na kichwa cha mtoto, acha kivulini ikauke.