Naomba ushauri: chura wa dhahabu wa Diquís alimaanisha nini?

Ndugu zangu, ninaandaa maelezo kuhusu vidani vya dhahabu vyenye umbo la wanyama vilivyofuliwa na kusubiwa katika eneo la Diquís, kusini mwa Costa Rica, kabla ya Wahispania kufika, na nimekwama kwenye chura. Wengi humhusisha na mvua na rutuba. Lakini mafundi wale walimpa miguu ya nyuma iliyopanuliwa kama vibao bapa, na mara nyingine nyoka wakimtoka mdomoni, mambo ambayo, kwa maoni yangu, mvua pekee haiyaelezi. Je, nimchukulie pia kama alama ya nguvu za mganga? Na ndege, ambao Columbus aliona mifano yao vifuani mwa wenyeji wa pwani ya Karibi ya Amerika ya Kati mwaka 1502 akawaita tai, wafasiriwe vivyo hivyo?