Mfumo gani wa kupanga muda unadumu kwa mtu anayeingiliwa kila mara?

Dada_wa_Mukono

Habari zenu wadau. Naomba ushauri unaopimika, maana maneno ya kutia moyo ninayo ya kutosha.

Hali yenyewe: kazi ya kutunza hesabu za wateja wadogo, ofisi iko Nakawa, Kampala, hapa Uganda, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Makazi Mukono, nje ya jiji, safari ni ya taksi (basi dogo la abiria). Kuna kibanda cha kutuma pesa kwa simu kinachohudumiwa na msaidizi, lakini floti, yaani salio la kufanyia biashara, lazima ikaguliwe kila jioni. Juu yake kuna kozi ya uhasibu ya mtandaoni, saa 6 kwa wiki.

Vilivyokwisha kujaribiwa: orodha ndefu kwenye simu, kalenda iliyokatwa kila nusu saa, na Pomodoro, ile njia ya kufanya kazi kwa vipande vya dakika 25 ukitegesha saa. Orodha inakua tu. Kalenda huwa imeshavurugika ikifika saa nne asubuhi. Pomodoro haimaliziki hata moja, watu wanaingia ofisini.

Nauliza: daftari au simu? Muda wa kazi nikadirieje? Na hawa wanaoingia nifanye nao nini bila kuwakosea adabu?

---

Fundi_Ratiba

Dada, usinunue wala usipakue chochote kwa sasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe mtu wa hesabu unalijua hilo kuliko sisi. Muda nao ni mali. Kalenda yako inavurugika saa nne kwa sababu uliipangia siku ambayo haipo, siku isiyo na mteja wala simu wala chai.

Kwa siku 5 za kazi, andika kila unapobadilisha shughuli. Safu tatu tu: saa uliyoanza, ulichofanya, na herufi moja ya sababu ya kuacha. M ni mtu kaingia, S simu, U umeme au intaneti, K kazi imekwisha, N ni mwenyewe umejiondokea. Usiandike maelezo, ukianza kuandika maelezo, siku ya pili utachoka na kuacha. Ijumaa jioni jumlisha.

Tuseme umepata hivi. Saa mbili hadi saa kumi na moja ni dakika 540. Toa chakula cha mchana 60, chai na salamu 40, wateja 120, simu na ujumbe 80. Zinabaki 240. Hizo 240 usizipange zote, panga asilimia 60, yaani 144. Ni vipande vitatu vya dakika 45, basi. Watu wengi huona ni aibu kuandika kazi tatu kwa siku nzima, lakini ukweli wa siku ndio huo, na kazi tatu zinazokamilika kila siku ni 15 kwa wiki.

Kuhusu kukadiria. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa chuo waliokuwa wakiandika tasnifu. Walipoulizwa, walikadiria kwa wastani siku 34. Walipoulizwa tena, je, mambo yakiharibika kabisa? Wakasema kama siku 49. Waliishia na wastani wa siku 55 na nusu. Yaani hata makadirio ya mabaya matupu hayakutosha. Gawanya 55 kwa 34 unapata karibu 1.6. Anza na namba hiyo: kazi unayodhani ni ya dakika 45, andika 72. Ukishakuwa na kazi 20 ulizopima, tumia uwiano wako mwenyewe, na utenge uwiano wa kila aina ya kazi. Kulinganisha taarifa ya benki na daftari la mteja anayetunza risiti si sawa na kwa yule anayeleta risiti kwenye kaveera (mfuko wa plastiki).

Sasa daftari au simu. Vyote, lakini kila kimoja na kazi yake, na jambo lisikae pote pawili. Simu ibebe vitu vyenye saa maalumu tu: miadi, kikao, tarehe ya mwisho. Mengine yote yaende kwenye kaunta buku moja, ya kurasa 192 inatosha miezi kadhaa. Ifungue kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto ni ghala la wiki, kila kitu kinachosubiri. Kulia ni leo: mistari mitatu juu, piga mstari chini yake, halafu sehemu ya "yaliyoingia". Chochote mtu atakacholeta katikati ya siku kiandikwe pale chini, usikipandishe juu ila kiwe cha leo kweli.

Angalia unavyoandika. "Mteja wa vifaa vya ujenzi" si kazi, ni jina la wasiwasi. "Mpigie aulizwe risiti za Machi" ndiyo kazi, kwa sababu unajua mkono uanzie wapi.

Kila jioni, dakika 5 kabla ya kutoka, nakili kwa mkono yaliyobaki. Kunakili kunachosha na kuna faida yake hapo: kazi ukiinakili mara ya tatu, ujue ina kasoro. Ama ni kubwa mno uikate vipande, ama inasubiri mtu mwingine uandike jina lake pembeni, ama haina umuhimu uifute. Kwenye simu kazi mbovu hukaa mwaka mzima bila kukusumbua, ndiyo maana orodha yako inakua tu.

---

Saa_ya_Jua

Nyongeza fupi kuhusu simu, kwa sababu hapa watu wengi hupotelea.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na Waganda hali kadhalika, ssaawa bbiri ni saa mbili ileile. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mteja akikwambia "saa tatu" nawe ukaingiza 3:00, kengele italia usiku, au alasiri miadi ikiwa imeshapita. Ongeza 6 kwa saa za mchana, na uweke kalenda kwenye mfumo wa saa 24 ili 9:00 na 21:00 zisichanganyike. Kwenye jina la tukio andika pia kwa maneno, "saa tatu asubuhi". Ukisoma viwili havilingani, unagundua kosa kabla halijakugharimu.

Mwenye mteja Uingereza aangalie pia kwamba wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao cha saa 10:00 London ni saa saba mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa sita wakati wa kiangazi chao. Weka tukio kwa saa za London ndani ya kalenda, simu itageuza yenyewe.

La mwisho: simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na kikumbusho huchelewa au hakilii kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya kalenda, iondolee kizuizi. Kisha ijaribu: weka kikumbusho cha dakika 40 mbele, zima kioo, acha simu mezani. Kisipolia, tumia kengele ya saa iliyokuja na simu.

---

Mlango_Wazi

Nimjibu Dada hapo kwenye watu wanaoingia, maana Fundi amelipitia juu juu.

Kwanza ujue kwa nini Pomodoro inakufia. Francesco Cirillo, Mwitaliano, aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi wa chuo, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na jina limetoka huko. Kanuni yake ni kwamba kipande cha dakika 25 hakigawanyiki. Ukikatizwa na ikabidi uache, kimeharibika, unaanza upya. Kwa mwanafunzi chumbani inafaa. Kwa ofisi ambayo mlango unafunguliwa kila dakika 15, hesabu yenyewe inakataa, utaharibu vyote hadi jioni.

Geuza. Tumia saa ya kupimia iliyomo kwenye simu, ile yenye kitufe cha kusitisha. Lengo liwe kukusanya dakika 45 za kazi hiyo moja, hata ikichukua saa moja na nusu kuzipata. Mtu akiingia, sitisha. Akitoka, endelea.

Ila kabla hujainua kichwa kumwitikia, andika mstari mmoja kwenye karatasi: umeishia wapi na hatua inayofuata ni ipi. "Nimefika risiti ya 37, bado VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta." Sekunde 10. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi haijaisha, sehemu ya akili hubaki kule na unafanya ya pili nusunusu. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb walionyesha kwamba kuandika mpango mfupi wa kurudi hupunguza hali hiyo. Kwa hiyo mstari ule unamsaidia hata mgeni wako, anakupata mzima.

Salamu usizikate. Umeulizwa habari za nyumbani, jibu, nawe uliza. Salamu kamili ni dakika moja au mbili, na zimo tayari kwenye zile 40 za Fundi. Kinachokula siku ni yanayofuata salamu bila mpaka. Uliza kwa upole: "Ni la hapa kwa hapa, au la kukaa?" Likiwa la hapa kwa hapa, limalize. Likiwa la kukaa, fungua kaunta buku mbele yake, mwonyeshe nafasi, andika jina lake na saa huku anaona. Mtu aliyeona jina lake likiandikwa kwa wino haoni kwamba amefukuzwa. Tenga dirisha moja la wageni kila siku, mfano saa tano hadi saa sita, na kila wa kukaa aende huko.

WhatsApp nayo ni mlango. Ujumbe ukishafunguliwa, ile alama ya kutosomwa inatoweka na kazi inazama. Bonyeza ujumbe kwa muda, uweke nyota. Mara mbili kwa siku fungua orodha ya zenye nyota, hamishia daftarini, toa nyota. Ujumbe wa sauti usikilize ukiwa na kalamu mkononi, la sivyo utausikiliza mara tatu.

---

Dada_wa_Mukono

Asanteni sana, Kaka Fundi na wenzako. Nimeanza kuchora zile safu tatu. Bado mambo mawili: safari ya Mukono haitabiriki, na kozi inakosa mahali pa kukaa. Tena kila tarehe 15 ya mwezi mpango wote unalipuka.

---

Steji_ya_Kwanza

Safari inatabirika ukiipima vizuri. Pima tangu unapofika steji, si tangu taksi inapoondoka, kwa sababu taksi inasubiri kujaa na hizo dakika ni zako. Andika safari 10. Mfano: 55, 60, 60, 65, 70, 70, 75, 90, 95, 110. Wastani ni 75, na ukipanga kwa wastani utachelewa siku 3 kati ya 10. Chukua ya pili kwa ukubwa, 95, utachelewa mara 1. Kufika saa mbili kamili maana yake uwe steji saa kumi na mbili na dakika 25. Siku utakazowahi, ofisi haina mtu. Weka hapo kazi inayotaka utulivu zaidi. Pima upya mvua zinapoanza, Machi na tena Septemba, kwa sababu namba za kiangazi hazifai.

Floti usiipangie saa. Ifunge kwenye tendo: ukishuka taksi jioni, kibandani kwanza, nyumbani baadaye. Foleni ikikuchelewesha, utaratibu haukatiki, unasogea tu. Nyumbani pia unaweza kutumia azana kama kigingi hata kama huswali. Hapa karibu na ikweta Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo mwaka mzima, haihami sana.

Kozi: saa 6 zigawe vipande 4 vya dakika 90. Viwili Jumamosi asubuhi na mapumziko katikati, kimoja Jumanne jioni, kimoja Alhamisi. Usiweke Jumatatu wala Ijumaa, foleni na uchovu vitavila. Masomo yapakue mapema, na nyuma ya kaunta buku uwe na orodha ya "bila umeme": mazoezi ya kuandika kwa mkono, kusahihisha, kupanga risiti. Umeme ukikatika unafungua ukurasa huo, hukai gizani ukiwaza ufanye nini.

---

Fundi_Ratiba

Tarehe 15 nimalizie mimi. PAYE (kodi ya mishahara), VAT na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mwezi uliopita zote mwisho wake ni 15, kwa hiyo huo si mshangao, ni mzigo unaojulikana. Panga kurudi nyuma. Tarehe 1 wakumbushe wateja wote kwa ujumbe mmoja. Tarehe 5 funga kupokea risiti. Zitakazokuja baadaye, mwambie mteja ziko kwenye hatari ya kukosa mwezi huu. Tarehe 8 hesabu ziwe tayari. Tarehe 10 mteja awe na PRN, yaani namba ya kulipia kodi, mkononi, abaki na siku 5 za kutafuta pesa. Tarehe ikiangukia Jumamosi au Jumapili, irudishe Ijumaa, usiipeleke Jumatatu. Kati ya tarehe 5 na 10 vipande vyako vyote vitatu ni vya kodi, na kozi wiki hiyo ishuke iwe vipande 2.

Ijumaa saa kumi jioni, dakika 40, pitia wiki: ghala lote la kushoto, zenye nyota, kalenda wiki moja nyuma na mbili mbele. Wengi hupenda Jumapili usiku, lakini Ijumaa bado unaweza kumpigia mtu akapokea.

Zile siku 5 za kupima usizianze wiki yenye tarehe 15, zitakupa namba za wiki mbaya. Anza Jumatatu inayofuata.